Koti la Nyumba ya Papa Ildephonse

Kuna watu ambao wakimsikia mwenzao analia, huchomoa kitambaa wampe ajifute. Achille Niyongabo akisikia kilio hutafuta kiti, kwa sababu alikwisha kugundua kwamba penye machozi biashara haiko mbali.

Siku ya mambo haya ilikuwa ya mwezi wa tisa, saa sita mchana, pale Rugenge, wakati ule ambao mbwa wa Uvira hawabweki tena. Wanakutazama tu na kukuonea huruma. Achille alikuwa akitembea kwa miguu, jambo lililomkera kila siku ya Mungu. Alikuwa na suruali iliyonyooshwa vizuri, viatu vyenye ncha, na mdomo ambao mama yake alisema ungemfikisha bungeni au gerezani. Mpaka siku hiyo ulikuwa haujamfikisha popote, kwa kukosa usafiri. Ukimuuliza Achille anataka nini hapa duniani, hakuzungushi: anataka pikipiki. Mtu wa kazi yake sharti aweze kuondoka haraka, na yeye alikuwa ameshakamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu tu wenye mali walimzidi mbio.

Mbele ya nyumba mpya ya matofali ya simenti alimkuta Papa Ildephonse amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo hiyohiyo. Papa Ildephonse alikuwa na nyumba tatu mjini na mashamba ya mpunga kule Katogota, na hakuna kiumbe aliyewahi kumwona akinunua soda. Machozi yalikuwa yanamtoka kwelikweli. Nyuma yake, chini ya kivuli cha baraza, ilisimama pikipiki nyekundu ambayo kiti chake bado kilikuwa na plastiki ya dukani. Mwenyewe aliogopa kuipanda isije ikachakaa.

Achille aliitazama pikipiki. Kisha akamtazama mzee, akavuta tofali, akakaa.

"Papa, nani amekufa?"

"Afadhali ingekuwa matanga," Papa Ildephonse akasema, "watu wangeleta mchele. Kuko mama moja wa ONG, shirika ya musaada, Madame Eliane, anatoka Bukavu. Anatafuta nyumba ya bureau, ya ofisi. Yangu aliipenda! Kiwanja aliipenda, choo ya ndani aliipenda. Aliingia mu salon, haikupita dakika, akatoka mbio, nguo imemushika ku mugongo. Unajuwa aliniambia nini? 'Papa, hii ni nyumba ao ni furu ya kuchomea mikate?'"

"Watu wa Bukavu," Achille akasema kwa upole wa padri, "wanazoea baridi."

"Atarudi Ijumaa saa sita, kuangalia mara ya mwisho. Akikuta bado iko joto, anakwenda kwa Marcellin."

Marcellin alikuwa jirani, adui na shemeji, vyote kwa pamoja. Nyumba yake ilikuwa karibu na ziwa, upepo ukimwingilia madirishani bure bila kazi yoyote. Papa Ildephonse angevumilia kukosa mpangaji. Kukosa mpangaji akamwona amekwenda kwa Marcellin, hilo lingemuua.

Wakati huohuo Mama Ernestine, mchuuzi wa samaki, akapita barabarani na sanduku lake la frigolite kichwani, lile jeupe jepesi la kuhifadhia baridi, maji ya barafu yakimdondoka shingoni. "Mukeke! Mukeke ya baridi!" Achille alimfuata kwa macho mpaka kwenye kona. Waliomjua walisema kwamba wazo likimjia huwa anasimamisha nyusi ya kushoto. Ilisimama.

"Papa," akasema, "nyumba yako haina kosa hata moja. Inakosa koti tu."

"Inakosa nini?"

"Koti. Manteau."

Papa Ildephonse aliacha kujipepea. "Kijana, jua imekupiga. Nyumba inakufa na joto, na weye unataka kuivalisha koti?"

"Ile samaki ya Mama Ernestine, iko uchi ao iko mu koti?"

"Iko mu frigolite."

"Na frigolite ni nini, kama si koti? Samaki iko na joto?"

"Hapana..."

"Basi! Koti haijuwe joto, haijuwe baridi. Koti ni sentinelle, Papa. Anasimama ku mulango. Mwenye iko ndani anabakia ndani, mwenye iko inje anabakia inje. Ku Ulaya wanavalisha nyumba zote. Minye nilisomea kazi hii."

Alisomea kwenye simu. Kuna wakati alikuwa ameona video ya Wazungu wakibandika mbao nyeupe za frigolite kwenye ukuta wa nje kwa gundi, wakatandaza wavu juu yake, wakapiga lipu, wakapaka rangi. Maelezo yalikuwa kwa lugha asiyoijua, hakuambulia hata neno. Aliona tu mwenye nyumba akilipa huku anacheka, na hilo alilielewa vizuri sana.

"Inaomba nini?" Papa Ildephonse akauliza, na sauti ikamsinyaa.

"Mbele, sitaki kitu. Simenti yenye ilibakia na muchanga, basi. Ijumaa Madame akiingia akisema kuko baridi, unanipa ile pikipiki. Akisema kuko joto, sikuombi hata maji ya kunawa."

Ogopa sana mjanja asiyeomba kitu mbele. Lakini Papa Ildephonse hakusikia hatari. Alisikia kwamba mtu atampigia lipu nyumba nzima, na ikishindikana lipu itabaki pale pale ukutani bila malipo. Wakapeana mikono, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Mama Ernestine alikaa Mulongwe, karibu na mto, mahali ambapo mvua kubwa huwaletea watu vitu vya majirani. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na lundo la masanduku ya frigolite yaliyovunjika, yake na yaliyoletwa na mto. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuvusha watu ng'ambo, na shida yake ilijulikana sokoni kote: mukeke wake walifika asubuhi wakiwa wanang'aa, na jua likishapinduka walianza kunuka, akawatoa kwa bei ya aibu. Miaka na miaka alikuwa anatafuta chumba cha baridi. Alishaomba kwa wenye majenereta, wakamcheka.

"Mama," Achille akamwambia, "nipe ile frigolite yote ya kuvunjika, na Ijumaa asubuhi uniletee barafu."

"Ya nini?"

Achille akainamisha kichwa na kumweleza, kwa kuwa mjanja naye ana haja ya kupongezwa mara mojamoja. Frigolite ya ukutani ilikuwa ya macho tu. Baridi yenyewe ingetoka juu, kwenye plafon, yaani darini, ambako wangeficha barafu ya samaki kabla Madame Eliane hajafika. Vifuniko vya frigolite wangevitandaza chini ya barafu, plafon yote, ili maji yasidondoke. Barafu ikishayeyuka, Achille angekuwa ameshapita Mboko, mbali kusini, juu ya pikipiki nyekundu.

Mama Ernestine alisikiliza mpaka mwisho. "Na minye napata nini?"

"Kila asubuhi nitakubebea samaki na pikipiki. Bure! Mpaka nitakufa."

"Utakuwa umepita Mboko, utanibebea na nini?"

Achille akakohoa. "Nitarudi, Mama."

"Haya, mwanangu," Mama Ernestine akasema, na akatabasamu. Kama Achille angekuwa mtu wa kuogopa, hapo ndipo pangekuwa pahali pake.

Kazi ikaanza. Achille alikuwa amepanga kuuza simenti na kubandika frigolite kwa uji wa unga wa muhogo, ambao ni gundi nzuri, rahisi, na unaweza kunywa unaobaki. Aliukoroga kwenye sufuria ya Mama Anne, mke wa Papa Ildephonse, akabandika upande mzima wa mashariki, akarudi nyumbani kwake akipiga mluzi. Asubuhi alikuta frigolite yote iko chini na mbuzi wa jirani wamejipanga wanaramba ukuta.

"Ingénieur," Mama Anne akasema, mikono kiunoni, "mbuzi wanakula nyumba yangu."

"Ni test ya kwanza, Mama. Sasa tunajuwa gundi yetu haina sumu."

"Na sufuria yangu?"

"Iko mu test ya pili."

Ikabidi atumie simenti. Alichanganya kidogo sana, akitazama mifuko mingine kwa mapenzi, lakini Papa Ildephonse alikuwa amehamisha ndoo yake, sasa amekaa juu ya mifuko yenyewe, na hakuondoka hata kwa kula. Kila Achille alipofanya uji mwepesi, mzee alisema, "Ongeza, Ingénieur. Minye sipendi koti ya kutoboka." Achille akaongeza. Moyo ulimuuma.

Frigolite ikashika. Achille akaketi apumzike, na hapo ndipo walipokuja kuku. Sijui kuku huona nini katika frigolite. Mpe mahindi na mpe frigolite, atakimbilia frigolite akisukuma wenzake. Waliivamia nyumba ya Papa Ildephonse kutoka mtaa mzima, wakaidonoa kwa bidii, na punje nyeupe zikajaa uani kama vile mvua ya mawe imepita. Mama Anne alikimbia huku na huku na fagio. Jogoo mmoja alipanda ngazi ya Achille mwenyewe ili afikie pahali papya.

"Na hii ni test ya ngapi?" Papa Ildephonse akauliza kutoka juu ya mifuko.

Achille akatuma watu Mulongwe kuomba nyavu kuukuu za ndagala, zile zenye matundu madogo. Akaupaka ukuta simenti, akatandaza nyavu juu yake, akazikandamiza. Kuku wakarudi, wawili wakanasa miguu, wakapiga makelele ya kuuawa, na walipoachiliwa walikwenda kuwaeleza wenzao. Hawakuja tena. Lakini nyavu zilionekana waziwazi, ukuta mzima ukafanana na mzigo wa mvuvi, na Papa Ildephonse alikataa katakata kupangisha mtego. Basi lipu juu. Lipu ya kwanza ikaacha mabonde, ikaja lipu ya pili. Kisha rangi, pinki, kwa sababu nyumba ya Marcellin ilikuwa pinki na hii ilitakiwa kuwa pinki kuishinda.

Mikono ya Achille ikatoka malengelenge. Viatu vyenye ncha vikawa vyeupe. Alikuwa hajafanya kazi ngumu hivyo tangu azaliwe, na siku moja, akiwa juu ya ngazi, jua likimchoma kisogo, watu walimsikia akijisemea: "Kama wizi iko nguvu hivi, heri mutu afanye kazi."

Siku ya Alhamisi ukuta ulikuwa tayari na vifuniko vimetandazwa plafon yote. Mama Ernestine alipita jioni kabla ya jua kuzama, amechoka, na beseni la mukeke waliokosa mnunuzi. Barafu yake ilikuwa imekwisha. Aliliweka beseni sebuleni, akasema hana nguvu ya kurudi nalo Mulongwe. Madirisha yakaachwa wazi ili rangi ikauke, na asubuhi mapema Mama Anne akayafunga yote kwa kuogopa vumbi.

Ijumaa Mama Ernestine alifika jua likiwa limeshapanda. Aliinama juu ya beseni, akafunua, akanusa, akamtazama samaki jichoni kwa muda mrefu. Akafunika. Akagusa ukuta kwa kiganja. Akainua macho kwenye plafon, akayashusha kwa Achille, ambaye alikuwa anakwaruza simenti kwenye viatu vyake na hakuona chochote.

"Barafu iko wapi, Mama?"

"Iko mu kifuko," akasema. Akapandisha kwenye plafon mfuko mkubwa unaochuruzika maji, akafunga, akashuka. "Tayari, mwanangu."

Saa sita gari la ONG likasimama. Mtaa ulikuwa umejaa. Habari ya mzee aliyevalisha nyumba yake koti mwezi wa tisa ilikuwa imefika mpaka Kavimvira, na watu walikuja kucheka. Marcellin alikuwa mstari wa mbele, amevaa suti kwa ajili ya kushinda. Madame Eliane alishuka akijifuta uso, karatasi mkononi za kujipepea.

"Papa Ildephonse, tufanye haraka, joto inaniua. Watu balisema mulirekebisha nyumba?"

"Ingia, Madame," mzee akasema, akamfungulia mlango.

Akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake. Papa Ildephonse alifumba macho. Achille aliitazama pikipiki na kuyaaga maisha ya miguu. Nje jua lilikuwa linapasua mawe, hata Mama Anne aliacha kutafuna.

Mlango ukafunguka. Madame Eliane alikuwa hajipepei. Alikuwa amejishika mabega.

"Chauffeur," akasema, "niletee gilet yangu ya baridi mu gari."

Mtaa ulipasuka kwa vigelegele. Papa Ildephonse akalia upya, safari hii kwa raha, akambusu dereva kwa makosa. Madame Eliane akatangaza kwamba nyumba anaichukua. Marcellin akaingia kuhakikisha, akatoka, akaingia tena, na alipotoka mara ya pili tai yake ilikuwa imelegea.

"Ingénieur!" watu wakaanza kuita. "Minye niko na nyumba mbili!" "Ingénieur, anza kwangu, kwangu kuko watoto!" "Minye niko na kanisa!"

Papa Ildephonse akamkumbatia Achille kwa nguvu. "Mwanangu, chukua funguo ya pikipiki. Lakini hiyo ni mwanzo! Tufanye entreprise. Minye natoa simenti, weye unatoa akili. Tutavalisha Uvira yote, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu!"

Fikiria basi. Mtu ambaye amekuwa akifukuzwa maisha yake yote, leo mji mzima unamkimbilia kwa mikono miwili. Na Achille hakusikia hata neno, kwa sababu kichwa chake chote kilikuwa juu, kwenye plafon, kinahesabu barafu. Akatabasamu kwa meno tu, akaingia sebuleni, ambako watu walikuwa wamejazana, akasogea karibu na ukuta. Tone la maji baridi likamwangukia kisogoni.

"Umesikia?" Mama Ernestine akamnong'oneza nyuma yake. "Inayeyuka."

Achille akabadilika rangi. "Tayari?"

"Hawa watu wote wameingia, wameleta joto. Saa moja, mwanangu, maji itaanguka juu ya Madame. Watakuua."

"Niende. Pikipiki iko inje, niende."

"Na pikipiki hiyo?" Mama Ernestine akashangaa. "Umeona vyenye aliandika pale mbele? ILDEPHONSE, ASANTE YESU. Njia yote mpaka Mboko wanaijuwa. Watapiga simu, watakungojea ku barrière ya askari. Sikiliza Mama yako. Mutu mwenye anakimbia anaachaka pikipiki?"

"Hapana."

"Basi wakiona pikipiki iko kwangu, watasema: Ingénieur hakukimbia. Kuko boti inaondoka sasa hivi Kalundu, inakwenda Baraka, mwenye boti ni ndugu yangu. Panda. Waambie watu unakwenda kutafuta frigolite, na minye ni représentant yako, musemaji wako, kwa kila kitu. Nitakuletea pikipiki Jumatatu na boti."

Achille alimtazama kwa heshima ya kweli, kama fundi anavyomtazama fundi. "Mama," akasema, "weye uko na akili kama yangu."

"Hapana, mwanangu," Mama Ernestine akasema kwa unyenyekevu.

Achille akapanda juu ya ndoo ya Papa Ildephonse, akawatangazia watu wote wa mtaa, kwa sauti nzuri, kwamba anasafiri kwa ajili ya vifaa. Kwamba kuanzia saa hiyo kazi, wateja na pikipiki viko mikononi mwa Mama Ernestine. Na kwamba neno lake ni neno la Achille. Watu wakapiga makofi. Madame Eliane, ndani ya gilet yake, ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Kisha Achille akaenda Kalundu, kwa miguu, mbio.

Baraka ni mji mzuri, ila si kwa mtu anayengojea kitu. Jumatatu boti ikaja na vitunguu. Boti iliyofuata ikaja na wanakwaya. Achille alilala chini ya bati lililomkaanga mchana kutwa, akajipepea kwa kipande cha karatoni, na siku alipopata mtandao akapiga simu.

"Mama, pikipiki iko wapi?"

"Iko kazini. Leo imebeba samaki mpaka Kavimvira, imerudi."

"Na Papa Ildephonse? Amejuwa?"

"Amejuwa nini?"

"Barafu, Mama! Iliisha! Nyumba imekuwa furu tena!"

"Barafu gani?" Mama Ernestine akauliza.

Achille akaona jasho limepoa mwilini, jambo la nadra Baraka. "Ile uliweka mu plafon. Mu kifuko."

"Ile ilikuwa pumba ya mbao, mwanangu. Nililowesha maji kidogo ili roho yako itulie. Barafu yangu yote nilikuwa nimeiuza ku arusi."

"Na tone la maji? Ilinianguka hapa ku shingo!"

"Ilitoka mu mukono yangu. Kipande kidogo cha barafu ya arusi kilinibakia."

"Sasa baridi ilitoka wapi?"

"Yoo! Si weye ulimufasiria Papa Ildephonse? Koti ni sentinelle, mwenye iko inje anabakia inje. Mutaa wote ulisikia. Alhamisi niliacha mukeke mule ndani, asubuhi nikakuta jicho inang'aa. Nikasema, kumbe Achille alisema kweli! Sasa kwangu Mulongwe nimevalisha chumba, samaki inalala siku mbili, haijuwe hata kwamba ilikufa. Na nyumba za watu, siwezi kumaliza, zinaningoja mustari muzima. Weye peke yako, mwanangu, ndiye haukujisikia."

Achille alikata simu akakaa chini, palepale barabarani. Aliumia, na sifanyi mzaha. Pikipiki angeweza kuisahau. Kilichomchoma ni kwamba katika Uvira yote, kuanzia Madame Eliane mpaka Mama Anne, watu walikuwa wameamini koti la nyumba, na asiyeamini alikuwa mmoja tu, aliyelitengeneza kwa mikono yake na bado ana malengelenge. Kila alipotaka kuiba, mbuzi au kuku au mzee mbahili walimsukuma akafanya kazi kama inavyotakiwa. Na alipokwisha kuifanya, akaikimbia.

Alirudi na boti ya usiku wa Jumamosi, akalala bandarini, asubuhi akapanda Rugenge akiwa tayari kupigwa. Papa Ildephonse akamkimbilia na kumkumbatia. "Ingénieur! Umeleta frigolite?" Hapakuwa na hasira hata chembe, na hiyo ilimuumiza zaidi. Lakini aliposema anataka kuanza ile entreprise, mzee akajikuna kichwa. "Ile iko ya Mama Ernestine sasa. Minye natoa simenti, yeye anatoa akili. Ni weye ulisema mbele ya watu wote, ukiwa juu ya ndoo yangu."

Mama Ernestine hakumfukuza. Alimpa ngazi, mwiko wa lipu na kofia. Asubuhi alimruhusu kupanda pikipiki, mradi nyuma kuna samaki.

Siku moja Achille alikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba iliyopakana na ya Marcellin, anapiga lipu ya pili, mwenyewe akaja kuegemea uzio. Tangu ile Ijumaa Marcellin alikuwa hana mpangaji, na kiburi kilikuwa kinamzuia kuuliza. Leo upepo wa ziwa ulikuwa umelala, na joto lilikuwa limekishinda kiburi.

"Weye," akasema, "niambie kweli. Hii koti inafanya kazi?"

Achille akageuka. Hakuwa na cha kupata wala cha kupoteza, na labda ni uchovu, labda ni malengelenge, akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mteja. "Papa Marcellin, inafanya. Minye mwenyewe sikuamini, lakini nimeona na macho yangu. Si dawa, si uchawi. Frigolite, simenti, nyavu, lipu, basi. Ukifanya bila haraka, nyumba inapoa."

Marcellin akamkazia macho, kisha akacheka, akacheka mpaka akashika uzio. "Mwizi muzima! Na uso mukavu hivyo! Unazani minye mutoto?"

"Naapa, Papa!"

"Na unaapa tena! Sasa nimejuwa kabisa."

Mama Ernestine alikuwa amesimama barabarani na pikipiki, amesikia yote. Akamwangalia Achille kwa masikitiko, akamgeukia Marcellin. "Papa Marcellin, usimusikilize, asante Mungu umekataa. Ilibakia koti moja tu mwaka huu, na askofu anaitaka."

Marcellin akaacha kucheka. "Askofu yupi?"

"Alinikataza nisitaje."

"Askofu hawezi kungoja?" Marcellin alikuwa ameshafungua lango. "Mama Ernestine, sisi ni majirani! Anza kwangu. Kesho! Nitaleta simenti minye mwenyewe." Halafu akashusha sauti na kumnyooshea kidole mtu wa kwenye ngazi. "Lakini huyu asiniongeleshe tena. Ana macho ya mwongo."

"Huyu?" Mama Ernestine akasema, akiwasha pikipiki. "Usiogope. Huyu hawezi kudanganya hata mutoto muchanga."

Maisha yake yote Achille alikuwa hajatukanwa hivyo. Akageukia ukuta na mwiko wake. Lipu ilikuwa imeanza kukauka.